Katharine Hepburn sebuleni kwa mama mdogo

Katika filamu ya On Golden Pond ya mwaka 1981, mwanamke aliyevuka miaka sabini anafika kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, anatazama maji na kumwita mumewe aje asikie ndege wa ziwani wakiwakaribisha. Kichwa chake kinatikisika. Hakuna aliyemwambia atikise. Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani anayemcheza mwanamke huyo, alikuwa na mtetemeko wa kurithi, na kufikia mwaka ule ulikuwa umeshika kichwa, mikono na hata sauti. Angeweza kukataa kazi. Angeweza kumwomba mpiga picha amchukue kwa mbali, au amketishe kwenye kiti chenye mgongo mrefu wa kuegemeza kichwa. Badala yake anakusanya kuni, anacheza peke yake msituni akiimba wimbo wa utotoni, anaruka ziwani kumwokoa mumewe, na muda wote huo kichwa kinatikisika mbele ya kamera. Filamu hiyo ilimpa tuzo ya Oscar ya nne. Hadi leo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamke wala mwanamume, aliyefikisha nne za uigizaji.

Nampenda Hepburn kwa mambo mengi, na nitayasema. Lakini bila kichwa kile labda nisingeandika chochote, maana mama mdogo wangu naye anacho.

Mama mdogo anaishi Kigoma. Ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa biashara ya dagaa. Alinunua kwenye mwalo wa Kibirizi, akaanika, akashona magunia, na kwa miaka mingi akapanda nayo meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, Kipili na kwingineko ambako meli haikuwa na gati, ilipiga honi katikati ya maji na mitumbwi ikatoka pwani kuja kupokea watu na mizigo gizani. Mwanamke anayeshuka kwenye ngazi ya meli kuingia mtumbwini akiwa na gunia la mtaji wake hana nafasi ya kuogopa watu. Nilikua nikimwona hivyo.

Umri ulipomfikisha sitini na kitu, kichwa kikaanza kutikisika, kulia na kushoto, taratibu. Tulikwenda hospitali na daktari alitueleza vizuri: si kiharusi, si ugonjwa wa Parkinson, ni mtetemeko unaotembea kwenye ukoo, na hauui mtu. Tukamkumbuka babu, baba yake, ambaye kikombe cha chai hakikumfika mdomoni bila kumwagika. Basi ugonjwa tukawa tumeuelewa. Shida ilikuwa kwa watu. Kichwa kinachokwenda kulia na kushoto kinakataa. Mteja anauliza kama bei inapungua, na kabla mdomo haujafunguka kichwa kimeshamjibu hapana. Mtoto anaomba ruhusa ya kwenda kucheza, anaona amenyimwa. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kanisani, kwenye komunyo, padri anaposema "Mwili wa Kristo" naye anajibu "Amina" huku kichwa kinakana. Hilo lilimuumiza sana. Akaacha kwaya aliyoiimbia tangu usichana, akaacha meza yake sokoni kwa binti mwingine, akawa mtu wa ndani.

Nilikuwa nimehamishiwa kufundisha Kiingereza shule ya huko huko, nikawa naishi naye. Mwalimu mwenzangu aliyestaafu alinipa flashi iliyojaa filamu za zamani za Marekani, nyeusi na nyeupe nyingi, na jioni nikawa naziweka kwenye runinga. Mama mdogo hajui Kiingereza. Kwa hiyo nikawa namtafsiria papo hapo, kama wanavyofanya kwenye mabanda ya video, nikisimamisha picha pale maneno yanapozidi. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kumwona Hepburn. Ukitafsiri kwa sauti unatambua haraka nani anaigiza kwa maneno tu na nani anaigiza kwa mwili mzima. Kwa Hepburn nilijikuta nanyamaza katikati ya sentensi kwa sababu mama mdogo alishacheka, au alishasema "masikini", kabla sijamfikishia maana.

Tulianza na The African Queen ya mwaka 1951, na sababu ilikuwa Liemba. Hadithi ile, iliyotoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inatokea katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Rose Sayer, dada wa mmisionari, anafiwa na kaka yake baada ya askari wa Kijerumani kuchoma kijiji. Anaondoka na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye kimashua cha mvuke, na ni Rose anayetoa wazo kwamba washuke mto hadi ziwani wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani. Meli ya kwenye riwaya ilibuniwa kutokana na Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli kwenda Kigoma na kuunganishwa upya. Kwenye filamu inazama kwa bomu la Charlie na Rose. Kwa kweli Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasije Waingereza wakaichukua, wakaipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mama mdogo alilala kwenye sitaha yake. Nilipomweleza hayo alitaka kuona kila picha ya meli mara mbili, akatoa hukumu kwamba meli ya kwenye filamu si Liemba. Ni kweli si yenyewe. Picha za Afrika zilipigwa kwenye mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, na Uganda, upande wa Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine zikapigwa studio Uingereza.

Kabla sijamsifu Hepburn niseme kilichotuudhi. Filamu inafunguka kanisani. Rose anapiga kinanda akitoka jasho, kaka yake anaongoza wimbo, na waumini Waafrika wanatoa mngurumo usio na maneno ya lugha yoyote. Mama mdogo, mwanakwaya wa miaka mingi, alisimama wima. "Hakuna kwaya ya hivyo," alisema, na alikuwa na haki. Kabla ya 1914 misheni za nchi hii zilikuwa zimeshachapa vitabu vya nyimbo kwa Kiswahili, na watu walikuwa wanaimba kwa sauti zote. Katika filamu nzima hakuna Mwafrika mwenye jina unaloweza kulikumbuka. Kasoro hiyo sitaifunika kwa sababu nampenda mwigizaji.

Lakini tazama anachofanya Hepburn ndani ya filamu hiyo hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Hana nywele zilizotengenezwa, shingo imefungwa na kola mpaka juu, uso umekonda. Charlie anapokaribishwa chai na tumbo lake linaanza kunguruma mezani, Rose anamimina chai kana kwamba hajasikia kitu. Yote yanatokea kwenye shingo na macho. Baadaye, Charlie akiwa amelewa anamwita kizee mseja kilichokonda, mwimba zaburi. Asubuhi yake anaamka na kumkuta Rose amekaa, anamwaga mtoni chupa zake za jini, moja baada ya nyingine, bila neno. Mama mdogo alipiga makofi. Na hata kabla ya ugomvi huo kuna maporomoko ya kwanza: mashua inarushwa, maji yanawapiga, Charlie ana hakika mwanamke huyu sasa ataomba warudi. Uso unaotoka kwenye yale maji ni wa mtu aliyegundua leo kwamba ana mwili na kwamba mwili ni kitu kizuri. Nilisimamisha picha. Mama mdogo aliutazama uso ule muda mrefu, halafu akaniambia siku ya kwanza alipovuka na mzigo wake mwenyewe kwenda Kipili, akiwa mjane mwaka wa kwanza, alijisikia hivyo hivyo, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu alikuwa bado amevaa nguo za msiba.

Kuna jambo kuhusu uso wa Rose ambalo Hepburn aliliandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya safari hiyo. Mwanzoni alikuwa anamwigiza Rose kwa ukali mtupu. Mwongozaji John Huston akamfuata kwenye kibanda chake, akamweleza kwamba uso wake ukitulia una huzuni, pembe za mdomo zinashuka, na kwamba filamu nzima ikienda hivyo itakuwa nzito. Akamwomba amkumbuke Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Roosevelt wa Marekani, alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini, na tabasamu lake la heshima. Hepburn alisema hakuwahi kupewa maelekezo bora kuliko hayo. Ukijua hilo unaiona filamu upya: Rose ana tabasamu la mgeni rasmi hata kwenye matope, hata akiwa amekwama kwenye matete na Charlie ametoka majini ruba wamemganda mwili mzima. Na alikuwa mgonjwa kwelikweli huko Kongo. Huston na Humphrey Bogart, aliyemcheza Charlie, walikuwa wakinywa wiski, yeye akasisitiza kunywa maji, na maji ndiyo yaliyomlaza kwa ugonjwa wa tumbo. Aliendelea kufanya kazi.

Baada ya hapo mama mdogo akawa anauliza habari za mwanamke huyu kama anavyouliza habari za jirani. Nikamsimulia. Alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, mwaka 1907. Baba alikuwa daktari, mama alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Kaka yake Tom alikufa ghafla mwaka 1921 na Katharine, akiwa na miaka kumi na tatu, ndiye aliyemkuta. Kwa miaka mingi baadaye alitaja siku ya kuzaliwa ya Tom kuwa ndiyo yake, na akaja kueleza ukweli kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1991. Mama mdogo hakushangaa. Alisema mtu hukaa na maiti wake namna anayoweza.

Alichokipenda zaidi ilikuwa habari ya biashara. Hepburn alishinda Oscar ya kwanza kwa Morning Glory ya mwaka 1933, lakini filamu kadhaa zilizofuata zikaanguka. Mwaka 1938 chama cha wenye kumbi za sinema kilitangaza orodha ya waigizaji waliokuwa "sumu" kwenye mauzo ya tiketi, na jina lake likawemo, pamoja na Greta Garbo, Joan Crawford na Marlene Dietrich. Mwaka huo huo alikuwa amecheza Bringing Up Baby na Cary Grant, filamu ya kichekesho yenye chui ndani yake, ambayo leo watu wanaiheshimu mno. Wakati ule haikumsaidia. Akajinunua mwenyewe kutoka kwenye mkataba wa kampuni ya RKO. Akarudi kwenye jukwaa la tamthilia na The Philadelphia Story, iliyoandikwa na Philip Barry kwa ajili yake, na haki za kuifanya filamu zikanunuliwa na tajiri Howard Hughes akampa yeye. Kwa hiyo kampuni ya filamu ya MGM walipoitaka ilibidi waje kwake. Aliuza haki zile kwa sharti kwamba yeye ndiye achukue nafasi kuu, na akawa na sauti katika kuchagua watakaocheza naye. Filamu ilitoka mwaka 1940 na hakuna aliyemwita sumu tena.

"Alishika mzigo mpaka soko likapanda," mama mdogo alisema. Sijasoma uchambuzi wa mpango ule uliofupisha jambo vizuri kuliko hapo.

Philadelphia Story yenyewe hatukuimaliza kwa raha. Maneno ni mengi, yanakwenda haraka, na mimi nilikuwa nakimbizana nayo. Alice Adams ya mwaka 1935 ilitukaa zaidi. Alice ni binti wa familia iliyopungukiwa katika mji mdogo, anayetaka kuonekana wa tabaka la juu. Hana hela ya maua ya kuvaa dansini, anachuma mwenyewe kwenye bustani, na yananyauka kabla usiku haujaisha. Halafu anamkaribisha kijana tajiri chakula cha jioni, siku ya joto kali, chakula kizito cha moto, na mtumishi wa kukodi wa siku moja, ambaye ni Hattie McDaniel, anayeingia na kutoka na kofia imemkaa upande huku akitafuna kwa hasira. Alice anaongea, anaongea, anaongea, kuficha kila kinachoharibika mezani. Kuna watu wanamlaumu Hepburn kwa sauti yake, wanasema ni kali, ina madaha. Katika chakula kile cha jioni madaha ndiyo kilio chenyewe. Nimewahi kukaa na wageni namna ile, na mama mdogo pia, na tulitazama bila kucheka.

Tulipishana kwenye Woman of the Year ya mwaka 1942, ya kwanza kati ya filamu tisa alizocheza na Spencer Tracy. Tess Harding ni mwandishi wa siasa wa gazeti, anayezungumza lugha nyingi, anayepigiwa simu na wakubwa. Anaolewa na mwandishi wa michezo. Mwishoni filamu inampeleka jikoni kumwandalia mume kifungua kinywa ili kuthibitisha kwamba ni mke. Kahawa inafoka, unga unaumuka na kumwagika, anaaibika. Sehemu hiyo iliongezwa baada ya mwisho wa awali kuonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio na wakubwa wa studio kuukataa. Naichukia. Mwanamke aliyeijenga Tess kwa saa nzima na nusu anapewa adhabu ya jiko ili watu waende nyumbani wameridhika. Mama mdogo hakukubaliana nami hata kidogo. Yeye aliona mwanamke anayejaribu kazi asiyoijua kwa sababu anampenda mtu, na akasema mbona mume naye hakujaribu kuandika habari za siasa. Tuliishia hapo, na kila mmoja yuko pale pale. Nilimwonyesha Adam's Rib ya mwaka 1949, ambamo Hepburn na Tracy ni mawakili mume na mke wanaopambana mahakamani katika kesi moja, kama ushahidi wa kile wawili hawa walichoweza kufanya wakiachiwa usawa. Hapo tulikuwa upande mmoja.

Summertime ya mwaka 1955, ya mwongozaji David Lean, ndiyo ninayoipenda mimi kuliko zote, na ndiyo iliyonibadilisha jicho. Jane Hudson ni katibu muhtasi kutoka Akron, Ohio, ambaye ameweka akiba miaka mingi aende Venice. Amefika, kuna kila kitu isipokuwa mtu wa kusema naye. Anapiga filamu kila kona na kamera yake ndogo, maana mwenye kamera mkononi ana sababu ya kuwa pale. Jioni anakaa kwenye mkahawa wa uwanja wa San Marco, amezungukwa na watu wawili wawili, na anapoona mwanamume aliyemvutia anakuja, anakiinamisha kiti cha pembeni yake kwenye meza ili ionekane kuna mtu anayemsubiri. Mwanamume anaona kiti, anainama kwa heshima, anaondoka. Hilo tu. Hakuna mazungumzo ya kutafsiri. Mama mdogo alijifunika mdomo kwa kanga.

Nilisema imenibadilisha jicho. Mpaka siku ile nilikuwa nimezoea kuwatazama wanawake wanaokaa peke yao, kwenye sherehe, kwenye foleni ya zahanati, kwenye kiti cha mwisho kanisani, kama watu waliochagua kukaa pale. Sasa naona viti vilivyoinamishwa. Simu inayoshikwa sikioni bila mtu upande wa pili. Mkoba unaowekwa kwenye nafasi ya jirani. Nilianza kuona pia jinsi mama mdogo alivyokuwa akiketi: daima na ukuta nyuma, mkono mmoja chini ya kidevu, kitambaa kimeshushwa. Alikuwa anakizuia kichwa. Niliishi naye nyumba moja na ilinibidi kupitia Venice ya mwaka 1955 ndipo nione mkono ule unafanya kazi gani. Hepburn aliumia akitengeneza filamu hiyo, akiangukia kwenye mfereji wa Venice kwa ajili ya picha moja na kupata maambukizi ya jicho yaliyomfuata maisha yake yote. Namshukuru kwa kila nusu dakika ya kazi ile.

On Golden Pond niliichelewesha kwa makusudi. Nilitaka kwanza mama mdogo amjue mwanamke huyu akiwa kijana, akiwa na suruali zake ambazo Hollywood ya miaka ya 1930 haikuzitaka, akiwa mshindi, akiwa sumu, akiwa Rose. Jioni nilipoiweka sikumwambia chochote. Ethel Thayer, anayechezwa na Hepburn, akatoka nje, akaliita ziwa, na mama mdogo akasogea mbele kwenye kiti.

"Huyo ndiye yule?"

"Ndiye, mama."

"Anatikisika."

"Ndiyo. Alisema amerithi kwa babu yake."

Hakusema kitu kingine kwa muda mrefu. Nilitafsiri kwa sauti ya chini. Norman, mume wa Ethel, anayechezwa na Henry Fonda, anakaribia kutimiza miaka themanini, mkali, na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Ethel anamtuma akachume stroberi. Anarudi na kibakuli kitupu kwa sababu njia aliyoipita miaka yote ameshindwa kuitambua, na amekimbilia kwake ili aione sura anayoijua. Ethel anamshika, anamwambia yeye ni shujaa wake na watakwenda wote kuzichuma. Na wakati anamhakikishia hivyo, kichwa kinakwenda kulia na kushoto. Mdomo unasema ndiyo, utapona, tuko pamoja. Kichwa kinasema hapana. Hepburn hakukizuia. Mtu mwingine angeona mgongano huo ni kasoro. Mimi naona ndio ukweli wote wa sehemu ile: mwanamke anamwahidi mumewe kitu ambacho anajua hawezi kukitimiza, na mwili wake unajua pia.

Fonda na Hepburn hawakuwahi kucheza pamoja kabla ya filamu hiyo. Siku ya kwanza alimpa Fonda kofia iliyokuwa ya Spencer Tracy, naye akaivaa kwenye filamu. Fonda alipata Oscar yake kwa kazi ile akiwa mgonjwa nyumbani, na akafariki miezi michache baadaye, Agosti 1982.

Mama mdogo aliniomba nirudishe sehemu anayocheza msituni. Nikairudisha. Akaniuliza kama watu wa huko walimcheka. Nikamwambia walimpa tuzo. Akauliza tena, tuzo ya huruma? Nikamjibu ninavyoamini: huruma haimpi mtu nafasi ya kubeba filamu nzima begani, na ukitazama alivyompokea Norman pale kwenye stroberi huwezi kusema umemhurumia Ethel hata mara moja, ni yeye anayetuhurumia.

Kwaya hakurudi. Anasema sauti yenyewe imeshaanza kutetemeka na alto haisamehe. Lakini Jumapili anakaa mbele, mkono hauko tena kidevuni, na sokoni amerudi siku za soko kubwa. Wateja wakibabaika na kichwa chake anawaambia, "Kichwa kina mambo yake, wewe sikiliza mdomo," na bei haipungui. Sitadai kwamba filamu imemtibu mtu. Daktari alimsaidia, muda ulimsaidia, na wajukuu waliokataa kumwacha ndani walimsaidia. Ila najua alichokiona kwenye runinga jioni ile: mzee mwenzake, maarufu, tajiri, asiyekosa njia ya kujificha, ambaye hakujificha.

Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967 tuliitazama na majirani. Ndiyo ya mwisho kwa Tracy, alikufa siku kumi na saba baada ya kumaliza kazi, na kwa kuwa afya yake ilikuwa mbaya kiasi cha kukosa bima, Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka dhamana malipo yao wenyewe. Hepburn hakuwahi kuitazama filamu iliyokamilika. Wanawake wa kwetu walipenda sehemu moja kupita zote, pale Christina, anayechezwa na Hepburn, anapomsindikiza hadi kwenye gari mfanyakazi wake aliyemletea maneno ya kibaguzi kuhusu mchumba Mweusi wa binti yake, na kumfukuza kazi kwa sauti ya upole kabisa, tabasamu halijatoka. Walinilazimisha niitafsiri upya neno kwa neno, na nusu yao wakaanza kuitumia.

Sasa tuko kwenye The Lion in Winter ya mwaka 1968. Ni Krismasi ya 1183, Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, anayechezwa na Peter O'Toole, amemtoa kifungoni mkewe Eleanor wa Aquitaine kwa siku chache za sikukuu, na familia nzima inagombania nani atarithi. Oscar ya mwaka ule Hepburn aliigawana na Barbra Streisand, kura zililingana. Eleanor wake anadanganya, analia, anatishia, anapatana, na huwezi kujua chozi lipi ni la kweli mpaka limeshakauka. Mwishoni anarudishwa mashuani kwenda kifungoni, na yeye na mumewe wanaagana kwa kicheko. Jirani mmoja anashikilia kwamba Eleanor anamchukia Henry toka mwanzo. Mama mdogo anasema anampenda, na kwamba mwanamke asiyempenda mtu hamfanyii hila nyingi kiasi kile. Mimi naona anampenda na bado angempindua kesho asubuhi, na Hepburn alikataa kutuchagulia. Jumapili tunairudia. Nimeambiwa safari hii nitafsiri matusi yote bila kupunguza hata moja.